Diski ya Asiya wa Mkwiro

Kijiwe chetu kiko pale njia ya kuteremkia gatini Shimoni inapokata kona, mbele ya duka la Mulwa, fundi wa simu na kompyuta. Kina benchi moja refu la mbao zilizobaki kwa fundi wa mashua, dele la Swabir muuza kahawa juu ya jiko la makaa, na ukingo mpana wa dirisha la Mulwa, ambao sisi tumeufanya rafu ya umma. Mtu huacha hapo miwani, funguo au simu inayochajiwa, akaenda kuswali, akarudi akavikuta. Benchi lina mguu mmoja mfupi. Zamani Rai, fundi wa mashine za boti, alikuwa akikaa upande huo na kulizuia kwa mguu wake wa kulia. Tangu alipovunjika mguu huo na kulazwa Msambweni, wiki tatu sasa, benchi limekuwa likicheza, na kila anayewahi kufika hulitafutia kabari: leo kifuu, kesho jiwe, keshokutwa kandambili ya mtu. Watu wa hapa hubishana tangu asubuhi na hawagombani. Jumatano ile kahawa ilipoa vikombeni, na hilo sikuwa nimeliona hapo kabla.

Mulwa alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, shati limemganda mgongoni, mkononi ana waya mfupi ambao bado umo ndani ya nailoni yake. Ametoka Ukunda muda huo huo. Mbele yake alisimama Asiya, aliyevuka asubuhi kutoka Mkwiro na laptopu iliyofungwa kwa leso.

— Iko wapi, Mulwa?

— Dada Asiya, niliiacha hapo kwa dirisha, vile uliniambia.

— Nilikwambia uiache. Sikukwambia ipotee.

Kwa asiyekuwepo asubuhi, mambo yalikuwa hivi. Laptopu ile ilikuwa ya marehemu babake Asiya, na ndani yake mlikuwa na picha kumi na nne: barua za shamba lao la Kibuyuni, mchoro wa mipaka, na karatasi ya mashahidi yenye alama za vidole gumba. Karatasi zenyewe mchwa walizimaliza sandukuni. Mwezi uliopita Asiya aliipeleka laptopu Kwale, kwenye kikao cha ardhi. Alipoifungua mbele ya maafisa, duara lilizunguka kwenye kioo, likazunguka robo saa nzima, mpaka mwenyekiti akasema aitwe anayefuata, mama huyu atarudi mashine yake ikiamka. Alijaribu nyumbani kuzitoa picha kwa flashi. Mashine ikaganda katikati. Kikao cha mwisho kilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Yaani kesho.

Basi Mulwa alifungua skurubu zilizoshikwa na kutu ya chumvi, akasugua meno ya ramu, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, kwa raba ya mwanafunzi mpaka yakang'aa, akaongeza kipande cha pili cha ramu, akatoa diski ya zamani na kuweka mpya, ile ya kisasa isiyozunguka. Ilipofika saa sita kasoro laptopu iliwaka kabla Swabir hajajaza kikombe kimoja. Tulipiga makofi. Asiya akasema haya, nifungulie picha. Mulwa akamweleza kwamba picha zimebaki katika diski ya zamani, kwamba zitahamishwa kwa waya, na kwamba waya wake umekatika. Ataufuata mwingine Ukunda. Alitaka kuifungia diski ndani ya droo. Asiya akakataa.

— Iache dirishani, kwenye macho ya watu. Pale hapajapotea kitu.

Nasi tulimuunga mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu. Asiya akaenda kwa shangazi yake kupumzika, adhana ikaita, sisi tukaenda msikitini, na Mulwa akabaki nyuma akifunga duka apate gari.

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na juu ya ukingo wa dirisha palikuwa na miwani ya mtu, gazeti, na alama ya kikombe.

Tulikuwa wanne kwenye benchi. Othman, tunayemwita Hakimu kwa sababu alikuwa karani wa mahakama miaka mingi na hajaacha kuuliza maswali. Garama, tunayemwita Waya, aliyekuwa fundi umeme wa hoteli huko Diani. Rashad, ambaye kila anachokijua amekiona kwenye simu, kwa hiyo jina lake ni Yutubu. Na mimi.

— Tusipandishe sauti, akasema Waya. Jambo hili lina elimu yake. Mimi nimeshika umeme miaka kumi na tisa. Diski ya zamani ndani yake mna sumaku, au sivyo, fundi?

— Iko, akasema Mulwa.

— Basi. Kitu cha sumaku ukikiweka juani kikapata joto, kinatambaa.

— Kinatambaa kwenda wapi? akauliza Yutubu.

— Kaskazini. Sumaku yote huenda kaskazini.

— Kaskazini ya hapa ni vyoo vya msikiti.

— Basi tukatazame vyooni.

Siku nyingine tungecheka mpaka Swabir atukataze tusimwage kahawa. Siku ile Swabir alifunika dele lake, akaenda kweli kutazama. Alirudi akitikisa kichwa.

— Nyinyi mnatafuta mbali, akasema Yutubu. Kuna watu kazi yao ni kununua diski kuukuu. Wanazifufua. Wanakuta humo picha za harusi, namba za siri, karatasi za ardhi. Wanajua shamba lako kuliko wewe. Jana si palikuwa na mgeni hapa, kofia ya ukindu, anapiga picha kila kitu? Alipiga hata dele la Swabir.

— Yule alikuwa mtalii anangoja boti ya pomboo, akasema Swabir.

— Ndivyo alivyotaka uone.

— Alikunywa vikombe vinne akaniombea dua kwa Kiingereza.

— Na amejuaje diski itatolewa leo? nikauliza mimi.

— Ramu ile mpya. Kitu hicho kinasikia. Dada Asiya alitamka Kibuyuni mara ngapi karibu yake? Mara tano. Mara sita. Huko iliko ofisi yao, taa ikawaka.

— Ramu haina masikio, akasema Mulwa kwa uchovu.

— Wewe utajuaje? Umeipasua?

— Ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka, akasema Asiya. Kesho saa tatu nitasimama mbele ya watu wale na laptopu inayowaka haraka, haina kitu ndani. Nitawaambia nini? Sumaku imetambaa? Ramu imesikia? Upande wa pili wana wakili. Mimi nina vidole gumba vya watu saba, na sita kati yao wamekwisha kufa.

Hakimu alikuwa hajasema neno tangu Mulwa aliposhuka garini. Alikuwa ameshika bakora yake kwa mikono miwili, kidevu juu yake. Alipozungumza, alizungumza taratibu, kama aandikaye.

— Mulwa, hawa walipokwenda kuswali, nani alibaki hapa?

— Mimi, mzee.

— Peke yako.

— Peke yangu. Dakika tano tu. Nikafunga duka nikaenda stendi.

— Na diski ulikuwa nayo mkononi.

— Niliiweka kwa dirisha, mzee. Nimesema.

— Umesema. Mimi asubuhi sikuwepo, kiuno kilikuwa kikiniuma. Nimekuja baada ya adhuhuri, wa kwanza wa hawa wote. Nilitazama dirisha lile, kwa sababu nilikuwa nikitafuta... nilikuwa natazama tu. Sikuona diski. Namshuhudisha Mwenyezi Mungu, sikuona diski. Sasa, kati ya wewe kufunga duka na mimi kufika, hapakuwa na mtu. Mtu wa mwisho kuishika ni wewe.

— Unamaanisha nini, mzee?

— Sijamaanisha. Napanga maneno.

— Panga yote basi.

Hakimu aliinua kidevu. Ningependa kuandika kwamba hakusema alichosema.

— Watu wa bara mlipewa mashamba ya kupimiwa huko juu, mkapewa na vyeti, sisi tukitazama. Mnajua karatasi ina thamani gani. Mtu anayejua hivyo, akiletewa picha za karatasi za mwenzake mkononi...

— Ami Othman! akasema Asiya.

Mulwa hakusogea. Ana miaka kumi na mitatu pale. Baba yake alikuja Pwani na jembe moja na watoto wanne, na Mulwa ndiye aliyemtengenezea Hakimu simu aliyompigia mwanawe Muscat mpaka siku mwana alipofariki huko. Sote tulilijua hilo, na Hakimu alilijua kuliko sisi. Lakini nilijua pia kwamba shamba la kakake Hakimu liliwahi kuingia ndani ya mpaka wa mtu mwingine kwa mstari wa kalamu, na kakake alikufa akilitazama kupitia seng'enge. Mtu mwenye jeraha kama hilo haongei peke yake, linaongea naye. Sikumtetea. Sikumhukumu pia.

— Mwalimu, Asiya akanigeukia, mbona umenyamaza? Wewe si umesoma?

— Nilichosoma hakinisaidii hapa, nikamwambia.

— Haya, akasema Mulwa. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka juu ya benchi kati ya Waya na Hakimu. Droo ni tatu. Chini ya meza kuna sanduku. Mkimaliza, nyumbani mnapajua, ndugu yangu Kaindi yuko, mwambieni mimi nimesema mfunguliwe hata pipa la mahindi.

— Hakuna aliyesema upekuliwe, akasema Waya, akiwa ameshaanza kuona haya.

— Pekueni tu. Mimi sijauza kitu ya mtu. Mbele ya wateja wangu mumesema, sasa tafuteni mbele ya wateja wangu.

Kwa kweli walikuwa wameanza kusimama watu: wanawake wawili wenye ndoo za samaki, kijana wa bodaboda, mzee mmoja aliyekuja kuchukua redio. Yutubu aliingia dukani. Tulisikia droo moja ikifunguliwa, ya pili, ya tatu. Alitoka na mikono mitupu.

— Mna vioo vya simu vilivyovunjika, raba tatu na Biblia, akasema.

— Ilete, akasema Hakimu. Aape.

Mambo ya kiapo huku si mchezo. Nimeona watu waliotendeana mabaya makubwa wakapatana siku moja kabla ya kiapo, kwa kukiogopa tu. Na nimeona waliokula kiapo wakakaa miaka tisa ndipo wakasalimiana tena. Mulwa alinyoosha mkono.

— Lete, Rashad. Nitaapa. Lakini nikimaliza kuapa, mzee, na wewe utashika Msahafu useme hukuichukua. Kwa maana wewe ndiye ulifika wa kwanza. Umesema mwenyewe.

Bakora ya Hakimu iligonga chini mara moja.

— Mimi? Diski nitaifanyia nini mimi? Hata sijui kuifungua!

— Na mimi pia nitaifanyia nini?

— Nyamazeni! Asiya alisimama katikati yao. Sitaki viapo vyenu. Mkiapa mkamaliza, mmoja wenu atakuwa mwongo mbele ya Mungu, na mimi nitakuwa bado sina picha. Mimi nataka picha.

Boti ya Mkwiro ilipiga honi gatini. Hakusogea.

Ni wakati huo ambapo tuktuk ilisimama kwenye kona, na Rai akateremshwa. Hatukuwa na habari kwamba ameruhusiwa. Alikuja polepole kwa magongo mawili, mguu wa kulia ndani ya plasta nyeupe mpaka gotini, uso umejaa furaha ya mtu anayerudi kwake.

— Assalaam alaykum jamaa! Mbona kama matanga? Nani amekufa?

— Waalaykum salaam, tukajibu, kila mtu kwa wakati wake.

— Pole na mguu, akasema Swabir.

— Nimeshapoa. Nipeni nafasi yangu.

Upande wake ulikuwa wazi. Tangu aondoke hatukuuzoea. Yutubu alikuwa amesimama, kwa hiyo kwenye benchi tulibaki Hakimu, Waya na mimi. Rai aliegemeza magongo ukutani, akageuka, akashika ukingo kwa mikono miwili, na akajishusha kwa hofu, hatua kwa hatua, meno ameyakaza, kama mtu anayeingia maji asiyojua kina chake. Njia nzima kutoka Msambweni, alitueleza baadaye, alikuwa akiliwaza benchi lile: litakapoinama, na mguu wa kulizuia hana, plasta itagonga chini. Akakaa. Akangoja. Akajitikisa kidogo kulia, kidogo kushoto. Uso ukamfunguka.

— Halichezi! akasema. Nani amelitengeneza?

Alitugeukia mmoja mmoja.

— Si nauliza? Nani amelitengeneza benchi?

Nilimtazama Waya. Waya alimtazama Yutubu. Tangu saa nane tulikuwa tumekaa juu yake tukipiga mapaja na kuruka kwa hasira, na si mmoja wetu aliyegundua kwamba limetulia. Mulwa ndiye aliyeinamisha macho. Aliyateremsha kutoka plasta ya Rai hadi mguu mfupi wa benchi, na pale yakakwama.

— Msisimame, akasema.

— Kwa nini? akauliza Rai.

— Naomba mtu asisimame. Mtu asitikisike.

Aliongea kama mtu aliyeona nyoka karibu na mtoto. Akapiga magoti mchangani. Chini ya mguu wa benchi palikuwa na kitu bapa, kidogo kuliko kiganja, kimeviringishwa kwa kipande cheusi cha tyubu ya baiskeli na kufungwa uzi.

— Mimi huzifunga na tyubu, akasema bila kuinua kichwa. Sababu ya mchanga na hewa ya chumvi. Diski zote nazifunga hivyo. Sikuwaambia. Hamkuuliza ilikuwa inafanana aje.

Asiya aliweka kiganja mdomoni.

Tulinyanyuka mmoja mmoja kwa amri ya Mulwa. Kwanza Waya, ambaye ndiye mzito. Kisha mimi. Kisha Hakimu, aliyehitaji kushikwa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi katika jua lile. Mwishowe Yutubu na kijana wa bodaboda walimwinua Rai wima, kama wanavyoinua mashine ya boti, naye akiuliza bado:

— Jamani, nimekalia nini?

Mulwa alikata uzi. Pembe moja ya bati la diski ilikuwa imebonyea. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaitia waya mpya, akauchomeka kwenye laptopu juu ya ukingo wa dirisha. Taa ndogo iliwaka. Kikatoka kitu kama mkwaruzo, krr, kikanyamaza, krr tena. Wanawake wa ndoo walikuwa wamesogea. Nilisikia makaa ya Swabir yakipasuka.

— Inazunguka, akasema Mulwa.

Picha ya kwanza ikafunguka. Ilifunguka mara moja, laptopu nzima sasa ilikuwa nyepesi. Ya pili. Ya tatu. Asiya alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kama anayevuta tasbihi. Ya tisa ilikuwa mchoro wa mipaka: nusu ya juu ilionekana safi, minazi, kisima, njia, nusu ya chini ilikuwa kijivu kitupu.

— Hii nyingine?

— Hapo ndipo imeumia, akasema Mulwa. Nitajaribu tena. Siahidi.

— Hiyo ni upande wa kusini. Huko ndiko wanakodai. Endelea. Mashahidi ni ya kumi na mbili.

Ya kumi. Ya kumi na moja ilisita, duara likazunguka, sote tukalijua duara lile bila kuwahi kwenda Kwale. Kisha ikaja. Na ya kumi na mbili ikafuata nyuma yake: karatasi ya mistari, majina saba, vidole gumba saba vya wino wa buluu, vyenye mikunjo yao yote. Asiya aligusa kioo kwenye kidole cha tatu.

— Baba, akasema.

Mulwa alianza kunakili, mara moja kwenye diski mpya, mara moja kwenye flashi, mara moja kwenye simu yake mwenyewe. Hakumtazama mtu. Rai alikuwa bado amesimama kwa magongo, jasho likimtoka, maskini, wala hakuna aliyekumbuka kumweleza.

— Basi mmelitoa, akasema. Na benchi litacheza tena. Nani lakini alikuwa ameweka kitu cha watu pale?

Sikumtafuta mwenye jibu kwa macho. Niliona heri nitazame jiko. Nikasikia bakora ikilazwa chini. Hakimu alikuwa ameinama, kiuno chake kile kibovu, akivua kiatu chake cha kushoto, cha ngozi, kile anachovaa msikitini. Alikigandamiza kikawa bapa, akakisukuma chini ya mguu mfupi wa benchi, akalijaribu kwa mkono. Halikucheza. Kisha akasimama karibu na dirisha la Mulwa, mguu mmoja peku juu ya saruji iliyopigwa jua tangu asubuhi.

— Kaa, Rai, akasema.

Rai akakaa.

Mulwa hakuinua macho kutoka kwenye kioo. Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati.

— Mzee, akasema, ingia ndani. Hapo panachoma.